Montmartre: Kilima cha Akina Mama Ndani ya Jiji la Paris



Wengi wetu tumeuona mji wa Paris kwenye kalenda ya ukutani: mnara wa Eiffel, mto Seine, na kanisa moja jeupe lililokaa juu ya kilima kama yai ndani ya kikapu. Kanisa hilo ni Sacré-Coeur, yaani Moyo Mtakatifu, na kilima chenyewe ni Montmartre. Mwezi huu ukurasa wetu wa matembezi unapanda huko. Vaeni viatu vya chini, maana njia zake ni za mawe na ngazi zake ni nyingi.

Vitabu vya watalii husema kuwa Montmartre ni kilima cha wachoraji: Renoir, Toulouse-Lautrec, Van Gogh, Picasso. Ni kweli, wote hao walikaa au walifanya kazi hapa. Lakini sisi tuliopita njia zake kwa miguu, huku tukiuliza kila jina limetoka wapi, tulikutana na wengine ambao hawatajwi sana. Tulikuta watawa wa kike, walimu wa kike, wafua nguo, na mama mmoja aliyehangaika na mtoto wake mlevi kwa miaka zaidi ya thelathini. Tukaona kwamba uzuri wa kilima hiki una wenyewe, na wengi wao walikuwa wanawake. Hao ndio tunaotaka kuwajulisha kwenu leo.

KIJIJI KILICHOMEZWA NA JIJI

Kwanza tujue tuko wapi. Montmartre iko kaskazini mwa Paris, katika wilaya ya 18 ya jiji. Kilele chake kina urefu wa mita 130 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto au wa Kisii atacheka akiambiwa kuwa hicho ni kilima, lakini kwa Paris, mji ulio tambarare, hapo ndipo mahali pa juu kabisa.

Hadi mwisho wa mwaka 1859 Montmartre ilikuwa kijiji kinachojitegemea, chenye mashamba, mizabibu na vinu vya upepo vya kusagia nafaka. Tarehe 1 Januari 1860 kiliunganishwa na jiji. Kabla ya hapo kilikuwa nje ya ukuta wa kodi, kwa hiyo divai iliuzwa bei rahisi kuliko mjini. Ndiyo sababu watu wa Paris walipanda huko siku za Jumapili kunywa na kucheza. Mambo ya ulevi yaliyokuja kuwasumbua akina mama wengi wa kilima hicho yalianzia hapo.

Kitu kingine kilichotoka hapa ni jasi. Ile plasta ambayo mtoto hufungwa akivunjika mkono, ambayo dunia nzima huiita plasta ya Paris, ilipata jina lake kutokana na jasi iliyochimbwa Montmartre na maeneo ya jirani. Watu walichimba kwa karne nyingi, hata kilima kikabaki na mashimo ndani kama mkate. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi katika stesheni ya Abbesses utaelewa: stesheni hiyo iko mita 36 chini, nayo ni ya kina kuliko zote za Paris, kwa sababu wajenzi walilazimika kwenda chini ya machimbo hayo. Ipo lifti. Ziko pia ngazi za mzunguko, na kuta zake zimechorwa. Mwenye magoti mabovu achague lifti.

WATAWA WALIOKIMILIKI KILIMA

Jina la stesheni, Abbesses, maana yake ni "akina mama wakuu wa watawa". Mwaka 1133 mfalme Louis VI wa Ufaransa na mkewe, malkia Adélaïde, waliichukua sehemu hii ili kuanzisha abasia ya watawa wa kike wa Mtakatifu Benedikto, shirika lile lile ambalo wasomaji wetu wa Peramiho na Ndanda wanalifahamu. Malkia huyo alipozeeka alihamia abasiani, akafa mwaka 1154 na kuzikwa hapo hapo. Kanisa lao, Saint-Pierre, lilibarikiwa mwaka 1147 na Papa Eugenio III, na bado limesimama nyuma ya kanisa jeupe lile kubwa. Watalii wengi hulipita bila hata kugeuza shingo. Msilipite. Ndani mna giza la upole, na mna nguzo za mawe zilizochukuliwa kwenye majengo ya kale zaidi, za tangu enzi za Warumi.

Kwa zaidi ya miaka 600 mama mkuu wa abasia ndiye aliyekuwa mwenye ardhi ya kilima. Mashamba, mizabibu na vinu vilimlipa yeye. Baadhi ya barabara zilizo chini ya kilima zimebeba majina ya akina mama hao mpaka leo, kama vile Rochechouart. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Abasia ikafungwa, na mama mkuu wa mwisho, Marie-Louise de Montmorency-Laval, akakatwa kichwa mwaka 1794. Inasimuliwa kwamba alikuwa mzee, kiziwi tena kipofu, na mahakama ikamhukumu kwa kosa la kula njama. Tuliposikia habari hiyo tulinyamaza kidogo. Mtu asiyesikia na asiyeona, angekula njama na nani?

MASHAHIDI, NA NJIA YA KWENDA MALINDI

Neno Montmartre lenyewe hufafanuliwa kuwa ni "Kilima cha Mashahidi". Mapokeo yasema kwamba Mtakatifu Denis, askofu wa kwanza wa Paris, aliuawa hapa pamoja na wenzake wawili karibu mwaka 250. Hadithi ya wazee huongeza kwamba baada ya kukatwa kichwa alikiokota, akatembea nacho mikononi hadi mahali alipozikwa. Wapo wataalamu wanaosema kuwa jina hilo lilitokana na hekalu la mungu wa Kirumi aliyeitwa Mars. Kila upande una maneno yake.

Lipo jambo moja la kilima hiki linalotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki. Shukeni kidogo kutoka stesheni ya Abbesses mpaka njia iitwayo Yvonne Le Tac. Mama huyo alikuwa mkuu wa shule katika njia hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwasaidia waliowapinga Wajerumani, akapelekwa kwenye kambi za Wanazi, naye akarudi hai. Katika njia hiyo hiyo kuna kanisa dogo la chini, mahali ambapo palikumbukwa kuwa ndipo alipouawa Mtakatifu Denis. Tarehe 15 Agosti 1534 vijana saba waliokuwa wakisoma Paris walikutana hapo wakaweka nadhiri. Mmoja alikuwa Ignasi wa Loyola, na kutokana na siku ile likaja kuzaliwa shirika la Wajesuiti. Mwingine alikuwa Fransisko Xavier.

Miaka minane baadaye, mwaka 1542, huyu Fransisko Xavier akiwa safarini kwenda India, meli yake ilitia nanga Malindi. Ukifika Malindi leo utaonyeshwa kanisa dogo la kale la Wareno kando ya bahari, na habari za kupita kwake. Kwa hiyo mama wa Malindi anaposimama katika njia ile ya Paris hana haja ya kujiona mgeni sana. Kijana aliyeweka nadhiri pale alikuja kukanyaga mchanga wa kwao.

MIZINGA NA AKINA MAMA WA ASUBUHI

Tupande sasa mpaka juu. Mnaweza kutumia kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma, ambacho kilianza kazi mwaka 1900 na kujengwa upya mwaka 1991. Mnaweza pia kupanda ngazi 222 zilizo pembeni yake. Bustani iliyotandazwa mbele ya kanisa jeupe imepewa jina la Louise Michel, mwalimu wa shule, tangu mwaka 2004.

Habari yake ni hii. Mwaka 1871 Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na Wajerumani, na watu wa Paris walikuwa wametoka katika majira ya baridi yenye njaa kali. Juu ya Montmartre kulikuwa na mizinga zaidi ya 100 ambayo wananchi waliihesabu kuwa mali yao. Alfajiri ya tarehe 18 Machi serikali ilituma askari kuichukua. Farasi wa kuivuta walichelewa. Kukapambazuka, na akina mama wakatoka majumbani. Wakajichanganya na askari, wakasimama baina yao na mizinga, wakawauliza kama kweli watawapiga risasi. Askari waliamriwa kufyatua, wakakataa.

Laiti mambo yangeishia hapo! Siku hiyo hiyo majenerali wawili waliuawa na umati, na Paris ikajitangazia serikali yake yenyewe, iliyoitwa Komuni. Mwisho wa mwezi wa Mei jeshi liliingia mjini, na watu kwa maelfu wakauawa katika juma moja. Louise Michel alikamatwa, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya New Caledonia, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Huko akawafundisha wenyeji kusoma. Alirudi mwaka 1880 aliposamehewa.

Baada ya msiba huo ndipo kanisa la Sacré-Coeur lilipojengwa. Wazo lake lilitolewa na Wakatoliki waliotaka kuomba toba kwa ajili ya nchi yao iliyoshindwa vitani, na Bunge likalikubali mwaka 1873. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1875. Kwa sababu ya yale mashimo ya jasi, mafundi walichimba visima 83 vyenye kina cha zaidi ya mita 30, wakavijaza mawe na saruji, ndipo wakapata pa kusimamisha kuta. Pesa nyingi zilikuwa sadaka za watu wa kawaida wa Ufaransa nzima. Ujenzi ulikamilika mwaka 1914, vita vikaanza, na kanisa likabarikiwa mwaka 1919. Mawe yake yana sifa ya ajabu: mvua ikiyanyeshea hujisafisha yenyewe, na ndiyo maana kanisa linabaki jeupe katikati ya moshi wa jiji.

Mpaka leo wako Waparisi wasiolipenda kanisa hilo, kwa kuwa wanaliona kama kidole cha kuwasuta waliouawa mwaka 1871. Wengine ndilo kimbilio lao. Tangu tarehe 1 Agosti 1885 mna watu ndani yake wanaosali mbele ya Sakramenti, kwa zamu, usiku na mchana, bila kuacha hata saa moja. Tuliingia tukaketi nyuma. Watalii walikuwa wakizunguka kwa minong'ono, na katikati yao tuliwaona wanawake waliopiga magoti, mabegi ya sokoni yakiwa miguuni pao. Nje jina ni la Louise Michel, ndani ni sala za mchana na usiku, na kilima kimoja kinawabeba wote.

SUZANNE NA MAURICE

Nyuma ya kanisa kuna uwanja mdogo uitwao Place du Tertre, ambao umejaa wachoraji wanaotaka kukuchora usoni kwa malipo. Ukiuacha uwanja huo na kushuka kidogo upande wa kaskazini, kelele hupungua ghafla. Unafika nyumba namba 12 katika njia ya Cortot. Ndiyo nyumba kongwe ya kilima, na tangu mwaka 1960 ni jumba la makumbusho ya Montmartre. Renoir aliwahi kupanga hapo mwaka 1876. Lakini habari tuliyoifuata sisi ni ya mpangaji wa baadaye, Suzanne Valadon.

Alizaliwa mwaka 1865 kijijini. Mama yake, Madeleine, alikuwa mfanyakazi wa kufua na kusafisha, asiye na mume. Madeleine alimchukua binti yake mdogo akaja naye Paris kutafuta riziki, kama wengi wanavyoacha vijiji vyetu na kwenda mijini. Mtoto alianza kazi angali mdogo: alishona, alitengeneza mashada ya mazishi, aliuza mboga, alihudumu mkahawani. Akajiunga na sarakasi. Alipokuwa na miaka 15 hivi alianguka kutoka juu, akaumia, na kazi hiyo ikaisha.

Basi akaanza kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore, apate chochote. Yule msichana anayecheza dansi katika picha ya Renoir ya mwaka 1883 iitwayo Dansi ya Bougival ni yeye. Jina lake halisi lilikuwa Marie-Clémentine. Inasimuliwa kuwa Toulouse-Lautrec ndiye aliyemwita Suzanne kwa utani, akikumbuka habari ya Susana katika kitabu cha Danieli, mwanamke aliyetazamwa na wazee wawili. Wachoraji hao hawakujua kuwa naye alikuwa akiwatazama. Alijifunza kwa macho jinsi wanavyoshika kalamu, jinsi wanavyochanganya rangi, kisha akirudi nyumbani akachora mwenyewe. Mchoraji maarufu Degas alipoiona michoro yake alimwambia kuwa naye ni mmoja wao, akainunua. Mwaka 1894 kazi zake zilipokelewa katika maonyesho makubwa ya Société Nationale des Beaux-Arts. Hakuwa ameingia darasa lolote la sanaa.

Lakini mwezi Desemba 1883, akiwa na miaka 18, Suzanne alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Maurice. Baba hakujulikana kwa hakika. Mwaka 1891 Mhispania mmoja, Miquel Utrillo, alikubali kumpa mtoto jina lake, na ndilo lililomkaa. Suzanne alikuwa kazini mchana na mara nyingi usiku. Mtoto alilelewa na bibi yake, Madeleine.

Maurice alikuwa mtoto mwenye hasira na kifafa cha hofu ambacho bibi hakujua la kufanya nacho. Inaelezwa kwamba bibi, kwa desturi za kijijini kwao, alikuwa akimtilia divai kidogo katika supu ili atulie. Tusimhukumu haraka. Hata kwetu wapo wanaompa mtoto kijiko cha pombe apate kulala, na wanadhani wamempa dawa. Alipofika ujana Maurice hakuweza kuipitisha siku bila kileo. Alifukuzwa kazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1904, akiwa na miaka 20, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alipotoka, kwa ushauri wa daktari, mama yake alimwekea mbele yake rangi na brashi. Maurice hakutaka. Mama akashikilia. Na kijana yule akaanza kuchora alichokiona kila siku: njia za Montmartre, kuta zilizobanduka chokaa, ngazi, milango iliyofungwa, watu wachache wanaokwenda zao. Ili kuta zake zifanane na kuta za kweli alichanganya plasta ndani ya rangi nyeupe, ile ile jasi ya kilima. Picha zake za miaka ya 1909 hadi 1914 hivi ndizo zinazosifiwa kuliko zote.

Je, akaacha pombe? La, hakuacha. Tunalisema hili kwa sababu habari za namna hii mara nyingi husimuliwa kwa kukata mwisho. Maurice aliendelea kuokotwa barabarani, kupigwa, kutiwa ndani na polisi, na kurudishwa hospitalini. Wenye vilabu walimpa kinywaji, naye akawalipa kwa picha ambazo baadaye ziliuzwa kwa fedha nyingi. Mwaka 1912 mama na mwana walikuwa wakiishi pamoja katika nyumba hii ya njia ya Cortot, pamoja na bibi mzee Madeleine, aliyefariki mwaka 1915. Mwaka 1923 Suzanne, ambaye sasa alikuwa na fedha, alinunua jumba la zamani huko Saint-Bernard, karibu na mji wa Lyon, ili ampeleke mwanawe mbali na vilabu vya kilima.

Wala Suzanne hakuwa mama wa kuchorwa kwenye kadi ya Krismasi. Aliolewa na mtu mwenye mali, akamwacha. Mwaka 1914 aliolewa tena, na bwana huyo, André Utter, alikuwa rafiki wa mwanawe, mdogo kwake kwa miaka zaidi ya 20. Nyumba ilijaa ugomvi. Hatumweki hapa kuwa mfano wa ndoa. Tunamweka kwa ajili ya jambo moja tu: kwa zaidi ya miaka thelathini hakumfungia mwanawe mlango.

Mwaka 1935 Maurice, akiwa na miaka 51, alimwoa mjane aitwaye Lucie Valore, wakahamia nje ya jiji. Huko alitulia zaidi, akawa mtu wa sala. Suzanne alifariki mwaka 1938. Maurice aliishi mpaka mwaka 1955, akazikwa katika makaburi madogo ya Saint-Vincent, hapa hapa kilimani, karibu na njia alizozichora. Kijana aliyedhaniwa kuwa hatafika miaka 30 alifika 71.

Chumba cha kazi cha Suzanne kimerudishwa kama kilivyokuwa, ndani ya jumba la makumbusho. Kuna dirisha kubwa, jiko la kuota moto, na kitanda chembamba katika chumba kidogo cha pembeni, alipolala Maurice. Mwaka 2025 jumba la Pompidou la Paris lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za Suzanne. Kwa miaka mingi alitajwa kama "mama yake Utrillo". Sasa anatajwa kwa jina lake, na uwanja ulio chini ya kile kigari umepewa jina hilo.

SHAMBA LA MIZABIBU NA WATOTO WA KILIMA

Kutoka bustani ya makumbusho mnaona chini yenu jambo lisilotarajiwa katikati ya jiji: shamba la mizabibu, lisilofika nusu ekari. Lilipandwa mwaka 1933 baada ya wakazi kukataa ardhi hiyo isijazwe majengo. Kila mwaka mwezi Oktoba zabibu huvunwa kwa sherehe. Wasomaji wetu wa Dodoma wasihofu, halitawapokonya soko. Mapato yake hutumika kusaidia shughuli za jamii za wilaya hiyo.

Miongoni mwa waliopigania kiwanja hicho alikuwa mchoraji Francisque Poulbot. Alizoea kuchora watoto maskini wa Montmartre, wenye suruali zenye viraka na viatu vikubwa kuliko miguu yao. Hakuishia kuwachora. Mwaka 1923 alifungua zahanati kwa ajili yao katika njia ya Lepic. Wachoraji wengi walipata sifa kwa kuchora umaskini wa kilima hiki. Huyu aliwarudishia kitu wenye umaskini wao.

UPANDE WA MASHARIKI

Wageni wengi hushuka kwa njia waliyopandia. Sisi tunawashauri mshuke upande wa mashariki, kuelekea mtaa wa Goutte d'Or, jina lenye maana ya "tone la dhahabu", kutokana na divai iliyotoka huko zamani. Mtaa huu ndio mwandishi Émile Zola alioutumia katika riwaya yake ya mwaka 1877, L'Assommoir, juu ya mfua nguo Gervaise ambaye nyumba yake iliangamizwa na ulevi. Zamani mtaa ulijaa wafua nguo kama Madeleine.

Leo, karibu na stesheni ya Château Rouge, mtaa umejaa Waafrika. Kuna vitenge vilivyotundikwa mpaka barabarani, mihogo, bamia, ndizi za kupika, samaki wakavu, na akina mama wa Mali, Senegal na Kongo wanaopatana bei kwa sauti kubwa. Tuliwaona wakibeba mizigo yao, watoto mgongoni, kama kwetu. Wengi wanafanya kazi za usafi katika maofisi na mahoteli ya jiji, wakitoka nyumbani kabla ya jua. Kilima kimebadilisha watu, lakini kazi aliyokuja kuifanya Madeleine bado inafanywa, na bado inafanywa na mama aliyeacha kwao.

NENO KWA MWENYE SAFARI

Ikiwa mna ndugu Paris na mnatarajia kumtembelea, shikeni haya machache. Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, maana Sacré-Coeur hupata wageni wanaokadiriwa kuwa milioni 11 kwa mwaka, na wenyeji wanalalamika kuwa maduka ya nyama na mkate yanageuka kuwa ya kuuza vikumbusho. Kuingia kanisani ni bure, isipokuwa mkitaka kupanda kwenye kuba. Chini ya ngazi mtakutana na watu wanaotaka kuwafunga kamba mkononi kama bangili, kisha wadai malipo. Wekeni mikono mfukoni, mpite. Mkoba uwe mbele ya mwili. Na mpitie njia ya Abreuvoir kwenye kona ya ile nyumba ya rangi ya waridi. Maurice aliichora, na picha hiyo iliifanya ijulikane.

NENO KWA ALIYEBAKI NYUMBANI

Lakini wengi wetu hatutapanda kilima hicho. Tunaye Maurice wetu hapa hapa, katika chumba cha uani, anayerudi saa nane za usiku akigonga dirisha. Mama wa namna hiyo huambiwa na majirani kwamba amemdekeza, na wengine humwambia amfukuze. Kanisani hukaa kiti cha nyuma, hataki kuulizwa habari za mtoto.

Habari ya Suzanne haitoi dawa ya ulevi. Inatuonyesha mambo matatu ya kawaida tu. La kwanza, kileo kisiingie katika chakula cha mtoto, hata kwa nia njema. La pili, mgonjwa wa pombe ni mgonjwa, na Suzanne hakuona haya kumpeleka kwa daktari na kumsikiliza daktari. La tatu, alimpa mwanawe kazi ya mikono, akamkalia mpaka aifanye. Kazi ile haikumponya, ila ilimpa sababu ya kuamka asubuhi, na asubuhi hizo zikawa nyingi.

Kama yupo kati yenu aliyelea kijana wa namna hiyo na akapata njia iliyomsaidia, atuandikie. Tutaichapa bila kutaja jina, kwa ajili ya yule mama wa kiti cha nyuma.